Kabla ya Kumtaja Mtu



Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja mwalimu na wa pili muuguzi, na waraka huu tumeuandika kwa kalamu moja. Tulipoaga Mombasa kwenda Kisii kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia na afya ya akili, majirani walitucheka. "Mwaenda kusomea wazimu?" wakauliza. Hatukuwa na jawabu. Leo tunalo, nalo limetugharimu.

Masomo yenyewe ni ya miaka miwili. Mwanzo ni darasani: namna akili ya mtoto inavyokua, namna huzuni inavyogeuka maradhi, vipimo na takwimu. Kisha mwanafunzi hupelekwa hospitalini na vijijini akae na wagonjwa chini ya jicho la msimamizi, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inamtaka kila mshauri nasaha na mwanasaikolojia awe amesajiliwa kabla ya kufanya kazi hiyo. Msimamizi wetu alikuwa na neno moja alilolirudia hata tukalichoka: "Ulizeni kwanza. Jina la ugonjwa lije mwisho."

Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, migomba na mashamba ya chai, na watu wake humkaribisha mgeni kwa moyo mkunjufu. Lakini nchi hiyo ina jeraha. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kuchomwa moto baada ya kutuhumiwa uchawi. Nasi watu wa Pwani tusijitenge. Kwetu Kilifi pia wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, kuokoa roho zao.

Siku moja, katika mafunzo ya vitendo, tulifika nyumba moja Nyamira. Kitongoji hatukitaji kwa kumstahi mwenyewe. Mjukuu wa nyumba ile alikuwa amekuja kwa siri kuomba msaada. Bibi yake alikutwa usiku wa manane uani kwa jirani, miguu mitupu, akimwita mumewe aliyekufa zamani. Wiki ile ile ng'ombe wa jirani alikufa. Vijana walikwisha anza kunong'ona neno *omorogi*, yaani mchawi.

Tukauliza. Alianza lini kusahau? Mambo ya ujana wake ayakumbuka? Jua likizama hali huzidi? Majibu yakaja moja baada ya jingine. Alikuwa na mwaka wa tatu akitia chumvi mara mbili, akipotea njia ya kisimani, akimwita mwanawe kwa jina la kaka yake. Lakini harusi yake aliisimulia yote, hata rangi ya ng'ombe wa mahari.

Hospitalini alipimwa presha, sukari na damu. Upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, hata sonona, huweza kumsahaulisha mtu, na hayo yana tiba. Kwa bibi yule daktari alithibitisha maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, ambayo hayaponi, lakini mgonjwa wake huweza kutunzwa akaishi kwa utulivu. Msimamizi wetu akakaa na jamaa, chifu na yule jirani mwenye ng'ombe, akawaeleza kwa Kikisii tangu asubuhi hata alasiri. Bibi akabaki nyumbani kwake. Kengele ikafungwa mlangoni, na wajukuu wakapangiana zamu za usiku.

Usiku ule sisi hatukulala. Tulikuwa tukimfikiria mama yetu.

Mama alikuwa akisali magharibi, akasahau, akasali tena, na tena. Kisha bangili zake za dhahabu zikapotea. Akasema ameziiba jirani yetu, shoga yake wa miaka arubaini, aliyekuwa akimletea uji kila alasiri. Nasi, mwalimu na muuguzi, tukaamini. Mama alipozidi kubadilika, tukasema yule jirani amemtilia kitu katika uji. Tukamfungia mlango. Neno likaenea mtaani, hata watoto wakakatazwa kula cha mikononi mwake. Baadaye tulizikuta bangili ndani ya gunia la mchele. Tukanyamaza, maana kukiri kulikuwa kuzito kuliko dhahabu.

Dalili zote tulizomuuliza mjukuu wa Nyamira zilikuwa nyumbani mwetu kwa miaka miwili. Watu wa kule walikaribia kumdhulumu mgonjwa. Sisi tulimdhulumu aliyekuwa akimuuguza.

Likizo ilipofika tulimpeleka mama hospitali, kisha tukaenda kwa jirani. Tulimweleza yote, na habari ya bangili. Alinyamaza kitambo, ndipo akasema, "Wanangu, uji sikuacha kuupika. Nilikuwa nikiwapa wapita njia." Hakusema ametusamehe, wala hatukumharakisha. Kwa kuwa tulimchafua mbele ya watu, tulizunguka nyumba kwa nyumba kuyafuta maneno yetu mbele ya watu wale wale. Siku ya tatu, baada ya alasiri, akabisha hodi, bakuli mkononi. Mama hakulikumbuka jina lake. Alimshika mkono akamwambia, "Umekawia leo."

Akina mama, hatuwakatazi dua wala kisomo. Hiyo ni faraja yetu sote. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, alikwisha andika kitabu juu ya afya ya miili na nafsi pamoja, akabainisha kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua. Elimu hii si ngeni kwetu. Mzee akianza kuuliza swali moja mara kumi, kupotea njia aliyoizoea, kutuhumu watu wizi, au kuchanganyikiwa jua linapozama, mpelekeni akapimwe. Andikeni lini yalianza, na dawa anazotumia, mumpe daktari. Na kama kuna mtu mliyekwisha mtaja kwa ubaya, nendeni kwake mapema. Sisi tulichelewa miaka miwili.

Sasa tunarudi Kisii kumaliza masomo. Majirani wakituuliza tena twasomea nini, tutawaambia: twajifunza kuuliza kabla ya kumtaja mtu.

Wabillahi tawfiq.