Sahani Moja ya Mtakatifu Martin



Wengi wenu mliofika nyumba ya mapadre katika majuma yaliyopita mlikuta mlango wa stoo umefungwa na kuandikwa kwa chaki: "Usifungue, kuna paka." Wengine mliuliza kwa nini padri msaidizi aliadhimisha Misa za Dominika mkono ukiwa na bandeji. Tumeona ni vema tulieleze jambo hili wenyewe, maana limekwisha kusimuliwa sokoni kwa namna yake, na katika masimulizi hayo paka amekuwa chui.

Jirani yetu wa hapa Ufukoni, bibi Mwislamu ambaye kwa miaka mingi hajakosa kutuletea sahani ya futari kila Ramadhani, alihamia kwa mwanawe Dar es Salaam mwishoni mwa Oktoba 2025. Kabla ya kuondoka alituletea paka wake dume, wa rangi ya chungwa, ndani ya kikapu cha ukili kilichofunikwa kwa kanga. Akasema, "Padri, mwanangu, huyu siwezi kumtupa. Dini yangu hainiruhusu na moyo wangu haunipi. Nawaachia amana." Tukaipokea amana ile kwa maneno mazuri sana. Kwa maneno, sisi watumishi wa altare hatushindwi.

Nyumba yetu ilikuwa tayari na wanyama wawili. Wa kwanza ni Simba, mbwa ambaye wote mnamfahamu. Wa pili ni Sista, paka jike mwenye umri mkubwa, tuliyeachiwa na marehemu paroko aliyetutangulia. Ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya manyoya yake meusi na ukanda mweupe shingoni, na masista wenyewe hawakuchukia. Sista amelinda jiko letu na magunia ya korosho dhidi ya panya kwa miaka mingi, na kwa hesabu yake yeye nyumba hii ni ya kwake, sisi tumepanga.

Katika chumba chetu cha chakula imetundikwa picha ya Mt. Martin wa Porres, bradha Mdominikani wa mji wa Lima, Peru, aliyezaliwa mwaka 1579 na kufariki mwaka 1639, na kutangazwa mtakatifu na Papa Yohane XXIII mwaka 1962. Alifagia konventi na kuuguza wagonjwa. Wachoraji humwonyesha akiwa na ufagio, na miguuni pake mbwa, paka na panya wakila pamoja katika sahani moja. Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Basi jioni ya siku hiyo, tukiwa bado na joto la mahubiri yetu wenyewe, tukaona inafaa sana kumkaribisha mgeni kwa mfano ule ule. Tukaweka dagaa katika sahani moja sakafuni, tukamwita Simba, tukamwita Sista, kisha tukafungua kikapu.

Yaliyofuata hayakudumu dakika moja. Sista alituna akawa mkubwa mara mbili, Simba akaruka kwa furaha, na yule mgeni, asiyejua furaha ya mbwa ni kitu gani, akajitupa juu ya kabati la vyombo. Mwenzetu, padri msaidizi, aliponyoosha mkono kumteremsha, aling'atwa hadi damu ikatoka. Sista akapata jeraha la sikio. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji alichanika. Paka wa amana akapita dirishani, akaingia gizani, na sahani ikabaki na dagaa zake zote.

Hapo ndipo mchezo ulipokwisha. Simba na Sista huchanjwa kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa, lakini wa yule mgeni hatukuwa na habari za chanjo yoyote, na paka naye huweza kuambukiza ugonjwa huo, ambao dalili zake zikishaanza kwa mtu hakuna dawa inayotegemewa. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukaenda hospitali usiku ule ule. Daktari alianza sindano bila kungoja, akatuagiza tumtafute paka: mnyama aliyeng'ata akibaki mzima siku 10 baada ya kung'ata, sindano zilizosalia zaweza kusitishwa. Asipopatikana, zinakamilishwa zote.

Siku ya pili bibi akapiga simu. "Mwanangu, paka wangu hajambo?" Tukajibu, "Tunamshukuru Mungu, bibi." Wapendwa, tumesoma teolojia ya maadili na tunajua jibu la namna hiyo linaitwaje. Mungu hushukuriwa kila wakati, ni kweli, lakini hakuwa ameulizwa Mungu, ameulizwa paka. Usiku ule Sala ya Mwisho ilitukwama pale penye kujichunguza dhamiri.

Siku ya nne mlinzi wetu, mzee aliyekulia Msimbati, alimkuta kwenye baraza ya nyumba ya bibi, iliyofungwa kwa kufuli, amelala mbele ya mlango. Alikuwa amerudi kwao. Mzee akamrudisha akiwa ndani ya kikapu kile kile, akatuambia: "Baba Paroko, paka hapigi hodi kwa mdomo. Anapiga kwa harufu. Nyinyi mmemwingiza sebuleni kabla hajabisha."

Maneno yale yalituchoma kuliko alivyokusudia. Mnakumbuka kwamba mwaka 2024 tuliziunganisha jumuiya ndogo ndogo mbili kwa Misa moja na sufuria moja ya pilau, kisha tukashangaa watu walipoanza kupungua siku za sala. Tuliwahi hata kuwakemea mimbarini. Hatukuwahi kuwauliza.

Mzee akachukua uongozi. Mgeni akapewa stoo peke yake, akawekewa boksi la kujificha, beseni la mchanga mbali na chakula, na ile kanga ya bibi ya kulalia. Baada ya siku kadhaa kipande cha gunia la Sista kikapelekwa stoo, na kanga ikaletwa jikoni. Siku ya kwanza Sista aliifokea kanga kana kwamba ina meno. Siku ya sita tulimkuta ameilalia. Chakula kiliwekwa pande zote mbili za mlango uliofungwa, kwanza mbali, kisha kila siku karibu kidogo, hata kila mmoja akazoea kwamba harufu ya mwenzake huja pamoja na dagaa. Tarehe 13 Novemba zile siku 10 zikatimia, paka akiwa mzima. Daktari akasitisha sindano baada ya ile ya tatu, na daktari wa mifugo akamchanja paka.

Ndipo mlango ukabadilishwa kwa wavu wa waya wa banda la kuku, wakaanza kutazamana. Simba aliletwa akiwa amefungwa kamba, kwa dakika chache tu. Katika wote watatu yeye ndiye mwenye moyo mwema zaidi, na ndiye aliyetisha zaidi. Mara moja mtoto wa katekesi alisukuma wavu kwa udadisi, tukarudi nyuma siku nne nzima. Dominika ya pili ya Majilio, tarehe 7 Desemba, tuliposoma Isaya sura ya 11 juu ya mbwamwitu na mwanakondoo, tulijikuta tukitamani kumwuliza nabii ilichukua majuma mangapi.

Sasa wanakula chumba kimoja, kila mmoja na sahani yake ya bati: Simba karibu na veranda, Sista mlangoni pa jiko asipopitwa na jambo, na yule wa rangi ya chungwa juu ya meza kuukuu ya katekesi. Hawapendani. Juzi walilala baraza moja, wamepeana migongo. Picha ya Mt. Martin tumeiacha palepale. Na viongozi wa zile jumuiya mbili tumekwisha kuonana nao, kila upande kwanza kwake.

Bibi tulimpigia simu, tukamweleza yote, pamoja na jibu letu la siku ya pili. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaomba amsikie paka wake. Tukaiweka simu mezani karibu naye, naye hakutoa hata sauti. Aliyebweka ni Simba. Bibi akacheka. "Haya," akasema, "basi na huyo mbwa mpeni salamu zangu."