"Mulilala pamoja?" Hilo swali halitoshi

Leo naandika juu ya kitu ambacho tunakiulizana usiku kwa simu, mchana tunanyamaza: mtu anaweza kubeba mimba bila kufanya tendo lenyewe?

Mimi ni mkalimani kwenye kituo cha afya hapa Nakivale. Natoa Kiingereza naweka Kiswahili, natoa Kiswahili naweka Kiingereza. Swali ambalo nimelitafsiri mpaka nimelichoka ni "Mulilala pamoja?" Kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kulala pamoja ni kumaliza kila kitu. Sasa kuna watu walioishia njiani. Waligusana, walivua, lakini hawakulala pamoja. Ukiwauliza watasema hapana, na wamesema kweli. Muuguzi anaandika hapana, mtu anarudi nyumbani na hofu yake ileile.

Mwaka jana alikuja dada mmoja wa miaka 20. Amenikubalia niandike, jina sitaji na mambo mengine nimeyabadilisha. "Yaya," aliniambia kabla hatujaingia (kwetu yaya ni dada mkubwa, msidhani aliniita mlezi wa watoto), "sikulala naye. Lakini mwezi umepitisha siku tisa." Nyumbani shangazi alikuwa ameshahesabu siku kuliko yeye mwenyewe. Mjomba naye alishasema: huyo kijana alete mbuzi, amchukue. Dada huyu alikuwa amebakiza miezi minne kumaliza mafunzo ya kushona. Na jirani alikuwa amemletea mizizi ya kuchemsha "ili damu ishuke". Bahati nzuri hakuinywa, maana hakuna aliyejua ni mizizi gani wala kiasi gani.

Muuguzi akauliza lile swali letu. Nikamwambia kwa Kiingereza: kwa lugha yetu atajibu hapana, muulize kwa njia nyingine. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi muulize, mbegu zilifika wapi?" Hapo ndipo mazungumzo yalianza. Na kwa maoni yangu, hilo ndilo swali kila kijana ajiulize, kuliko "tulifanya au hatukufanya".

Kwa sababu mimba haijali mliita nini. Inataka mbegu za mwanaume ziingie ukeni, zipite shingo ya kizazi, zikutane na yai. Ndani ya mwili wa mwanamke mbegu zinaweza kuishi mpaka siku 5. Nje, zikikauka, zimekufa. Ndiyo maana hakuna mimba ya choo, ya taulo, ya kukalia kiti, ya kuoga beseni moja. Busu halileti mimba, na mdomo hauna njia ya kwenda kwenye kizazi. Mkigusana wote mkiwa na nguo, mbegu hazitoboi nguo zikaogelea mpaka ndani. Nawaambia hivi kwa sababu nimekutana na watu waliokonda kwa hofu ya taulo!

Lakini zikimwagika mbichi kwenye mlango wa uke, au zikiwa mbichi kwenye vidole na vidole vikaingia, uwezekano upo. Ni mdogo, ila upo, hata kama uume haukuingia kabisa. Yale majimaji yanayotangulia nayo wakati mwingine yanabeba mbegu. Kufanya kwa njia ya nyuma, penyewe hapana kizazi, lakini mbegu zinaweza kuchuruzika mbele. Na nyie kaka mnaosema "mimi natoa kabla": katika wanawake 100 wanaotegemea hiyo njia kwa mwaka mzima, kama 20 wanabeba mimba. Kukojoa, kurukaruka, kujiosha ndani kwa sabuni, chumvi au soda hakuzuii kitu. Kunaunguza tu.

Kama mbegu zimefika karibu, angalia saa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi ndani ya siku 5, na kila siku inayopita nguvu inapungua, kwa hiyo nenda leo, usingoje Jumatatu. Havitoi mimba iliyokwisha kushika. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ni ndani ya saa 72. Na kama hukutaka, kama ulilazimishwa, saa ni hizohizo. Njoo hata kama hujui useme nini. Kaswende na malengelenge zinapita kwa ngozi kugusa ngozi, kwa hiyo "hatukulala pamoja" haikulindi huko.

Yule dada alikuwa amepitisha wiki tano tangu siku ile. Kipimo cha mkojo kinaaminika siku 21 baada ya tukio, kwa hiyo kilitosha. Mstari mmoja. Hana mimba. Muuguzi akamuuliza anakula mara ngapi kwa siku. Tangu msaada wa chakula ukatwe mwaka 2023, nyumbani kwao ni mara moja, na alikuwa amepungua uzito sana. Njaa na hofu zinaweza kusimamisha mwezi, nilitafsiri hilo huku nikifikiria wasichana wangapi wa zoni yetu. Akaomba abebe kile kipimo akamwoneshe mjomba. Ningependa asihitaji kumwonesha mtu yeyote mkojo wake. Lakini alikibeba, na mafunzo alimaliza. Kijana wake bado wanaongea, mbuzi hajaenda popote.

Wafanyakazi wa mashirika, mabango yenu yana kondomu upande mmoja na "subiri" upande wa pili. Katikati hamjachora kitu, na katikati ndiko vijana wengi waliko. Tena angalieni nani anakaa kwenye kiti cha mkalimani. Kama ni mtu anayeimba kwaya moja na mama wa mgonjwa, mgonjwa atasema kichwa kinauma. Sisi wakalimani tumeomba tuwe wawili kila zamu, mwanamke na mwanaume, mtu achague. Bado tunangoja jibu.