Ua la Manjano la Njia ya Ishiara

Mtu atokaye Runyenjes kushuka upande wa Ishiara huacha nyuma yake mashamba ya kahawa na ubaridi wa Mlima Kenya, na punde hujikuta katika nchi nyingine kabisa: joto, migunga, mtama na pojo, na mbuzi kila mahali. Nami nilishika njia hiyo kwa baiskeli mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kunyesha majuma kadhaa, nia yangu ikiwa ni kununua mbuzi.

Kando ya njia, mahali palipoliwa na mifugo hata udongo ukabaki mtupu, niliona maua madogo ya manjano yametanda kama jamvi. Nikashuka kutazama. Kila ua lina petali tano. Mmea wenyewe hauinuki. Mashina yake hutambaa pande zote kutoka katika mzizi mmoja uliozama chini sana. Nikapanda tena kwa furaha, lakini sikwenda mbali: gurudumu la nyuma likatoa pumzi. Ndipo nilipolitambua lile ua. Ni mbigili!

Uzuri wake ni wa asubuhi tu, kwa maana ua hufumba jua likiwa kali, na baada yake hufuata tunda gumu. Tunda hilo hukauka likapasuka vipande vitano, kila kipande kina miiba yake na mbegu kadhaa. Mbegu moja huota kwanza, nyingine hungoja ardhini, pengine miaka. Bwana Linnaeus wa Uswidi aliuita mmea huu Tribulus mwaka 1753, jina la miiba ya chuma ambayo askari wa kale waliitawanya njiani ichome miguu ya farasi. Naona hakukosea. Huko Marekani mbigili ilisumbua watu hata mwaka 1961 wakaleta vidudu kutoka Italia, vya aina mbili, kimoja cha kula mbegu na kingine mashina.

Mzee mmoja aliyenisaidia kuziba mpira aliniambia, “Kijana, mpira si kitu. Waangalie kondoo.” Ni kweli: kondoo wakila mbigili nyingi, hasa inyaukapo kwa jua baada ya mvua, ini lao huharibika, kisha mwanga wa jua huwaunguza uso na masikio, kichwa kikavimba. Aonaye dalili hizo na awaondoe malishoni, awaweke kivulini, amwite daktari wa mifugo.

Mkulima anayo nafasi fupi. Mmea huanza kutoa maua yapata majuma matatu tangu kuota, na matunda hufuata upesi. Ung'olewe kwa jembe wakati huo, mzizi ukatwe chini ya shingo. Matunda yakikwisha kukomaa, kulima ni kuyapanda.

Jioni nilirudi kwa gari, mimi, baiskeli na mbuzi wawili. Kabla ya kuwaingiza bomani nilikagua kwato zao moja moja, kisha mipira na viatu vyangu. Nilipata vipande saba, nikavitia motoni.