Mvua ya Mbali

Mnamo Agosti 2018, vijana watano walikutana Kitengela kupanga safari ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mahema, mchele, nauli na baiskeli za kukodi vilipangwa upesi. Ubishi ukazuka juu ya korongo la Ol Njorowa. Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yalikuwa yamewaua vijana saba humo, wakiwa matembezini.

"Hiyo ilikuwa masika," akasema aliyekuwa na hamu kuliko wote. "Sasa ni Agosti."

Babu yake, mfugaji wa Kajiado aliyekuja kutibiwa macho, akauliza, "Mjukuu wangu, umeuliza mvua itanyesha wapi?" Huko kwao, alieleza, mto mkavu huja na maji ilhali mchungaji aliye mchangani anachomwa na jua, imenyesha milimani. Korongo nalo ni jembamba, na pa kupandia ni pachache.

Mjukuu alinuna, lakini korongo likafutwa. Wakaendesha baiskeli, wakalala hemani, wakarudi.

Tarehe 1 Septemba 2019, maji yalishuka tena Ol Njorowa, yakawaua watu saba. Habari zilipoenea, mjukuu alipiga simu Kajiado. Alimwamkia babu, akamuuliza hali ya ng'ombe na ya macho yake. La korongo lilimshinda kulitamka.