Hatua za Nani?

Mwaka 1976 niliitwa mwalimu kabla sijaota ndevu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba huko kwetu Usukumani, na serikali ilikuwa na haraka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Vyuo visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo, ndipo tukachukuliwa sisi. Asubuhi tulifundisha madarasa ya chini, mchana tukawa wanafunzi wa mkufunzi wetu, na masomo mengine tuliyapata redioni, betri zikiwapo. Tuliitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na si kila aliyetuita hivyo alikuwa anatusifu.

Tulisomeshwa Elimu ya Kujitegemea, kijitabu alichokitoa Mwalimu Nyerere Machi 1967. Humo alisema wazi kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi watakaopata nafasi sekondari, ilhali wote wanafundishwa kana kwamba wanakwenda huko. Alitaka shule iwe na shamba lake, na wanafunzi wenyewe washiriki kulipangia kazi, kutunza hesabu zake na kuamua mapato yatumikeje. Nimekisoma tena uzeeni. Hoja zake bado ni nzito, nzito kuliko tulichokitenda.

Maana shamba la pamba la shule yetu lilikuwa mahali pa adhabu. Kiranja anagawa mistari, aliyechelewa gwaride anaongezewa wa pili, aliyekosa hesabu za kichwa anakwenda kupalilia. Pamba ikishauzwa, fedha zilijulikana ofisini. Sikuwahi kusikia mtoto akiulizwa zinunue nini.

Mmoja tu alikwenda kinyume, mwalimu mzee aliyefundisha tangu enzi za mkoloni. Kwa wakulima wetu ekari ni hatua 70 kwa 70. Siku moja akawatoa darasa la tano wakapime shamba. Kundi moja likarudi na ekari mbili kasoro, jingine ekari mbili na ushee, na wenye miguu mifupi ndio waliopata shamba kubwa kuliko wote. Wakaanza kutupiana lawama. Binti mmoja mdogo wa umbo akauliza, "Mwalimu, hatua za nani?"

Mzee akakaa chini ya mti, akawaacha wabishane. Hatimaye wakaomba kamba, wakaifunga fundo kila mita kwa rula ya ubaoni, kila mtu akapima hatua yake mwenyewe, kisha wakatafuta hatua ya kati. Somo la wastani lilikuwa mbele sana katika muhtasari. Walilifikia wenyewe, miguu ikiwa imejaa vumbi.

Mkaguzi alipofika akakuta darasa tupu. Ratiba inasema hisabati, watoto wako shambani. Akadai andalio la somo, akaandika kwamba vipindi havifuatwi. Mzee akatia sahihi bila neno.

Kwamba wengine hatukufundisha kama mzee huyo, wengi huwatupia lawama walimu wa UPE. Mafunzo yetu yalikuwa haba, hilo halina ubishi, na madarasa yalifurika. Lakini waliotoka vyuoni nao walifundisha vilevile: mwalimu anatamka, darasa zima linaitikia, kisha ya ubaoni yananakiliwa daftarini. Muhtasari ulikuwa umebadilika kweli, Siasa imeingia, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Namna ya kufundisha ikabaki ileile ya mkoloni.

Na juu ya yote ulikuwapo mtihani wa darasa la saba. Lugha, Hisabati, Maarifa. Nafasi za sekondari zikiwa chache hivyo, mzazi gani angemtakia mwanawe ubingwa wa kupima pamba? Mtihani ukikaribia, darasa la saba waliondolewa kabisa shambani, majembe wakaachiwa wadogo zao. Watoto waliona, na walielewa kipi kina thamani.

Sasa tangu 2024 kuna mtaala mpya, sekondari ina mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi. Nimefurahi. Mjukuu wangu anataka useremala, nami kila nikikutana na mwalimu wake namuuliza jambo moja: siku ya mtihani, mtoto atapewa randa na ubao, au karatasi ya kuandika randa ni nini? Mpaka sasa ananijibu, "Mzee, tunasubiri maelekezo."