Kabati la Baba na Makucha ya Kashata

Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara: paka akiharibu kitu cha thamani nyumbani, je, yafaa kumtia guniani na kwenda kumtupa sokoni? Nitajibu kwa lililotokea katika nyumba yetu wenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala. Mwaka 1981 alimchongea mama kabati la mvule la kuwekea redio ya kaseti na spika zake mbili. Hakupiga msumari hata mmoja: ulimi wa kila ubao umeingia katika tundu la mwenziwe, ukakazwa kwa gundi na vijiti vya mti. Milango ya mbele ina nakshi ya maua, na nyuma yake kimetandazwa kitambaa chepesi ili sauti ipite. Mvule aliuchagua kwa kuwa haushambuliwi upesi na mchwa. Redio imebadilishwa mara tatu tangu hapo, lakini kabati ni lile lile, na ndani yake bado zimepangwa kaseti za Sheikh Abdul Basit ambazo mama hataki zitolewe, ijapokuwa siku hizi anasikilizia flashi.

Kisha akaja Kashata, paka jike wa rangi ya sukari iliyoungua. Alipenda kulala nyuma ya ampi kwa ajili ya joto lake. Akatafuna nyaya. Usiku mmoja wa Ramadhani kisomo kikawa kinatoka na vilio vyembamba. Kumbe amezaa watoto watatu chini ya spika! Tulicheka. Lakini aliponoa makucha yake juu ya nakshi ya baba, hakuna aliyecheka. Dada yangu alilia machozi, na mdogo wetu akaja na gunia.

Mama, ambaye mchana kutwa hukaa peke yake na paka huyo, alisema maneno machache: "Atakayemtoa huyu, na anitoe na mimi."

Katika hadithi tunasoma kwamba Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, na mkwewe Kabsha alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Basi gunia sikuliafiki. Lakini pia siafikiani na wanaosema paka aachwe afanye atakalo. Jasho la marehemu nalo lina haki ya kutunzwa.

Paka hakwaruzi kwa ubaya. Hunyoosha viungo, huvua magamba makuukuu ya kucha, na huacha harufu yake pale watu wa nyumba wanapokaa. Kwa hiyo kumchapa hakusaidii. Humfanya angoje mtoke. Tulichukua gogo refu, apate kujinyoosha kimo chake chote, tukalizungushia kamba ya makumbi ya nazi na kulikaza lisiyumbe. Tuliliweka ubavuni mwa kabati, si uani, maana huko asingelijali. Nyaya tulizipitisha ndani ya mpira wa bomba. Nyuma ya kabati tulifunga wavu wa chuma, kwani ampi huhitaji hewa na ubao ungeliziba. Kashata akapewa kikapu chenye kanga kuukuu, naye akakaa siku mbili bila kukitazama.

Fundi alipokuja alisema aweza kuzipiga randa zile alama, ila nakshi ingeondoka pamoja nazo. Mama akamwambia apake vanishi tu juu yake. Dada yangu hakuridhika, na hadi leo akija hukaa kiti cha upande wa pili.

Kamba ya gogo imekwisha chakaa mara mbili. Ya tatu mama ameiagiza mwenyewe, na ametaka iwe nene zaidi.