Tulipoacha Dawa kwa Siku Moja



Baadhi ya wanafunzi wetu hapa Buyenzi, Bujumbura, wamekuwa wakiuliza kwa nini Ustadh wao huinuka kutoka kwenye sajdah polepole kama mzee, ilhali hajafika hata miaka hamsini. Leo tumeona tuwajibu, kwani huenda nyumbani kwenu yumo mwenye kulihitaji jibu hili.

Tulikuwa tukitumia paroksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 kila siku kwa muda wa miaka mitatu. Ilitusaidia, AlhamduliLlaah. Lakini tuliona haya: vipi tuwafundishe watoto tawakkul na huku mfukoni tuna vidonge? Basi Sha'baan ya mwaka 2023 tukaviacha kwa siku moja, bila ya kumwambia daktari wala mama watoto.

Siku ya tatu mambo yakaanza. Kila tukigeuza macho, kichwani ilipita shoti kama ya umeme. Kizunguzungu, jasho, ndoto za kutisha, machozi yasiyo na sababu. Ramadhaan ikaingia tukiwa katika hali hiyo. Siku moja mtoto wa miaka minane alikosea aya, tukamkaripia mpaka akajikojolea mbele ya wenzake. Jioni tulikwenda kwao kumuomba radhi yeye na baba yake. Aibu ile hatujaisahau.

Wapo waliosema ni majini. Sisi wenyewe tulidhani ni imani imepungua, tukazidisha ibada na kujilaumu. Ni mama watoto aliyekuta pakiti haijafunguliwa. Akauliza: "Baba Salma, umeacha dawa lini?" Kesho yake akatufuata mpaka kwa daktari.

Daktari alitufahamisha kuwa ubongo huizoea dawa, na paroksetini hutoka mwilini haraka, kwa hiyo kuiacha ghafla huleta mtikisiko. Sonona ikirudi, mara nyingi huja taratibu kwa wiki kadhaa. Hii ilikuja baada ya siku chache tu, tena na shoti za kichwani. Akaturudisha kwenye dawa, kisha tukaipunguza kidogo kidogo kwa miezi 14. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry umeeleza kuwa hata dozi ndogo hufanya kazi kubwa kwenye ubongo, hivyo hatua za mwisho ndizo zinazotakiwa kuwa ndogo zaidi. Nasi tuliona hivyo: kushuka kutoka 20 hadi 10 kulikuwa kwepesi kuliko kumaliza 5 ya mwisho.

Mpaka leo shoti hutujia mara moja moja, hasa tukikosa usingizi. Tunalala mapema, tunatembea kidogo baada ya Alfajiri, na tunaandika kwenye daftari siku mbaya na siku njema. Daftari hilo linatuonyesha kuwa siku mbaya zinapungua. Siku ya kizunguzungu tunaswali tumekaa, kwani dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo.

Enyi wazazi na wanafunzi, mwenye kutaka kuacha dawa kama hizi asiache peke yake, wala asiache ghafla. Aende kwa daktari, na aiambie familia yake. Du'aa na dawa havigombani. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuhimiza kujitibu.

Allaah Awaponye wagonjwa wetu wote. Aamiyn.